Kwa Nini Walipanda Everest kwa Makoti ya Sufu

Tarehe 4 Juni 1924, ofisa wa jeshi la Uingereza aitwaye Edward Norton alifika mita 8,573 juu ya usawa wa bahari, kwenye ubavu wa kaskazini wa mlima Everest. Hakuwa na mtungi wa oksijeni. Kilele kilikuwa kimebaki chini ya mita 300, lakini pumzi ilimwishia, macho yakaanza kumsaliti, akageuka. Ilipita zaidi ya miaka 50 kabla ya mtu yeyote kuthibitika kupanda juu zaidi ya hapo bila oksijeni ya mtungi. Hiyo ilikuwa 1978, Reinhold Messner na Peter Habeler walipokanyaga kilele.

Norton alituachia orodha ya nguo alizovaa siku hiyo. Ndani kabisa, fulana na suruali ya ndani, zote za sufu nzito. Kisha shati la flana, na sweta mbili. Juu ya sweta, suti ya gabadini (kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa kubana ili kuzuia upepo), koti na suruali ya kuishia chini kidogo ya goti, iliyotiwa bitana ya flana nyepesi. Miguuni, mikanda laini ya sufu ya Kashmir iliyoviringwa kutoka kifundo hadi chini ya goti, na buti za felti zilizoshikwa kwa ngozi na kupigwa misumari kwenye soli. Juu ya yote hayo akavaa suti nyingine ya gabadini, nyepesi na pana kama pajama. Mikononi, glavu za sufu ndani ya glavu za gabadini. Kichwani, kofia ya ngozi ya waendesha pikipiki yenye manyoya kwa ndani. Miwani yake ilishonewa kwenye barakoa ya ngozi, na shingoni alijizungushia skafu kubwa ya sufu.

Soma tena orodha hiyo. Hamna nailoni, maana nailoni ilikuwa haijavumbuliwa. Karibu kila kitu kilitoka kwa wanyama au kwenye shamba la pamba, na kilimfikisha mtu mita 8,573.

Ninaanza na Norton kwa sababu tumezoea hadithi nyingine. Picha za misafara ya Everest ya 1921, 1922 na 1924 zimesambaa sana: wanaume wamekaa mbele ya mahema kwa makoti ya twidi, kitambaa kizito cha sufu, wengine na tai shingoni, wengine na kiko mdomoni. George Bernard Shaw, alipoiona picha mojawapo, alisema inafanana na watu waliokwenda pikiniki Connemara, magharibi mwa Ireland, wakakutwa na theluji. Maneno hayo yamerudiwa kwa miaka mia moja. Kila George Mallory na Andrew Irvine wanapotajwa, wale wawili waliopotea karibu na kilele tarehe 8 Juni 1924, atatokea mtu wa kusema kwamba masikini, walikwenda kufa na nguo za ofisini.

Nadhani historia hiyo tunaisoma kinyumenyume. Wao hawakuvaa nguo za ofisini mlimani. Sisi ndio tunaovaa nguo za mlimani ofisini.

Suti ilitoka porini

Chukua koti la suti la kawaida, lile la harusi au la usaili wa kazi. Ligeuze utazame mgongoni. Chini kuna mpasuo mmoja, au miwili pembeni. Mpasuo huo uliwekwa kwa ajili ya mtu anayepanda farasi, ili koti liangukie huku na huku ya tandiko badala ya kukunjamana kiunoni. Shati lenye vifungo vidogo vinavyoshika ncha za kola lilitokana na wachezaji wa polo, waliofunga kola zao zisiwapige usoni farasi akikimbia. Kampuni ya Brooks Brothers ya New York ilianza kuliuza mwaka 1896. Bleza ilianza kwenye vilabu vya kupiga makasia vya Uingereza. Shati la mikono mifupi lenye kola laini, linalovaliwa leo na nusu ya wafanyakazi wa kampuni za simu, lilivaliwa uwanjani na mchezaji wa tenisi René Lacoste katika miaka ya 1920, kwa sababu shati la mikono mirefu lilimchosha.

Kwa hiyo ofisa wa benki anayeshuka kwenye daladala pale Posta, Dar es Salaam, akiwa na suti yenye mipasuo miwili na shati la vifungo kwenye kola, amevaa mchanganyiko wa nguo za mpanda farasi na mcheza polo. Hata koti fupi la suti lenyewe, katikati ya karne ya 19, lilikuwa vazi la mapumziko na la shamba. Mjini, mwanamume mwenye heshima zake alivaa koti refu lililomfika magotini. Lile fupi liliingia mjini polepole, likapanda vyeo, na mwishowe likawa ndilo vazi rasmi.

Koti lililowahusu zaidi wapanda milima liliitwa Norfolk. Lilipata umaarufu miaka ya 1860 miongoni mwa wawindaji wa ndege. Lina marinda mapana kifuani na mgongoni, na mkanda wa kitambaa hicho hicho kiunoni. Marinda yanaonekana kama pambo, lakini kazi yake ni kufunguka mtu anapoinua bunduki begani, kisha kujifunga anaposhusha mikono. Mifuko ni mikubwa kwa sababu ilibeba risasi. Mpanda mlima hana bunduki, ila ana shoka la barafu na anainua mikono kutwa nzima, hivyo koti la mwindaji lilimfaa bila kubadilishwa sana.

Suruali ya kuishia chini ya goti nayo ina mantiki yake, nayo ni ya majani yenye umande. Suruali ndefu ikiburuzwa asubuhi kwenye nyasi hunyonya maji hadi magotini na kukaa mbichi kutwa. Soksi ndefu ya sufu ikilowa hulibana shavu la mguu bila kupigapiga, na hukauka juu ya mtu anayetembea. Wacheza gofu wa miaka ya 1920 waliipenda suruali hiyo, wakaiongezea kitambaa cha inchi nne kilichoning'inia juu ya soksi, na hiyo ikawa mitindo zaidi kuliko kazi. Edward, mwana wa mfalme wa Uingereza, aliivaa Marekani mwaka 1924, ikaigwa kila mahali. Unadhifu na matumizi havikwenda sambamba siku zote, na hilo nitalirudia nitakapofika kwa wanawake.

Joto si la sufu, ni lako

Kuna kosa moja la fikra linaloharibu mazungumzo yote kuhusu nguo za baridi: kudhani kwamba nguo inatoa joto. Nguo haina moto ndani yake. Joto ni la mwili, na nguo inalizuia lisikimbie, kama chupa ya chai inavyofanya. Kinachozuia hasa ni hewa iliyotulia.

Hapo ndipo sufu inaposhinda. Unyuzi wa kondoo haukunyooka kama wa katani. Una mawimbi madogo madogo, na nyuzi nyingi zikilazwa pamoja haziwezi kubanana. Kati yake hubaki mamia ya vyumba vidogo vya hewa. Zaidi ya hapo, sufu hunywa mvuke. Inaweza kubeba unyevu unaokaribia theluthi ya uzito wake mkavu kabla mvaaji hajahisi kwamba amelowa, na inapoupokea unyevu huo hutoa joto kidogo, kwa sababu molekuli za maji zinapojishika na unyuzi kuna nishati inayoachiliwa. Mtu aliyetoka jasho akipanda, kisha akasimama upepo ukampiga, anakihitaji sana kiasi hicho kidogo.

Pamba ikilowa hufanya kinyume. Nyuzi zake hulala, hewa hutoka, nguo hugandamana na ngozi, na maji yanapokauka huchukua joto la mwili. Ndiyo maana kwenye milima yote ya baridi duniani, na Kilimanjaro ikiwamo, mgeni huambiwa asivae fulana ya pamba ndani.

Msomaji makini ataniuliza: mbona gabadini ya Norton ilikuwa ya pamba? Swali zuri, maana hapa ndipo wengi huchanganya. Pamba ni mbaya ikigusa ngozi. Nje kabisa, ikifumwa kwa ufundi maalumu, inafanya kazi tofauti kabisa.

Hariri ilikuwa na kazi yake pia. Mwili wa Mallory ulipopatikana tarehe 1 Mei 1999, kwenye mteremko wa mita zipatazo 8,150, nguo zake zilikuwa bado mwilini upande uliolala chini: tabaka juu ya tabaka la hariri, pamba na sufu, na gabadini nje. Ukosi wa shati ulikuwa na lebo ya W. F. Paine, duka la Godalming, mji mdogo kusini mwa Uingereza ambako Mallory alikuwa mwalimu wa shule. Mtu alitoka kwenda kwenye mlima mrefu kuliko yote duniani akiwa na shati la duka la mtaani kwao.

Profesa Mary Rose wa Chuo Kikuu cha Lancaster na Mike Parsons, aliyetumia miaka mingi katika biashara ya vifaa vya milimani, walishirikiana na wataalamu wa vyuo vingine vya Uingereza kuyachunguza mabaki ya nguo hizo na kuzishona upya, uzi kwa uzi. Walichokiona ni kwamba hariri haikuwa anasa. Sufu juu ya sufu hukwaruzana na kukamatana, na kila hatua mvaaji anapambana na nguo zake mwenyewe. Ukiweka hariri katikati, tabaka huteleza moja juu ya jingine. Kwenye hewa nyembamba ya mita 8,000, ambako mtu anahesabu pumzi kadhaa kwa hatua moja, kupunguziwa msuguano huo ni kupewa nguvu.

Mvua ya nje na mvua ya ndani

Mvaaji wa mlimani hulowa kutoka pande mbili, kwa mvua na kwa jasho. Mwaka 1823 Charles Macintosh wa Glasgow alipata hataza ya kitambaa chenye mpira katikati. Mvua ilishindwa kupita. Jasho nalo likashindwa kutoka. Yeyote aliyewahi kupanda bodaboda na koti la plastiki siku ya mvua ya masika anajua mwisho wa safari hiyo: unalivua ukiwa umelowa kwa ndani kuliko ambavyo mvua ingekulowesha.

Thomas Burberry, aliyefungua duka lake Basingstoke mwaka 1856, alilitazama tatizo kwa njia nyingine. Badala ya kukipaka kitambaa dawa baada ya kufumwa, aliutia uzi wenyewe dawa ya kuzuia maji kabla ya kuufuma, kisha akaufuma kwa kubana mno, kwa mtindo wa twili. Kama hujui twili ni nini, itazame jinzi yako kwa karibu: ile mistari ya mshazari ndiyo twili. Mshindio, uzi unaopita kwa upana, unaruka nyuzi mbili au zaidi za mtande, zile za urefu, badala ya kupita juu na chini ya kila moja, na kwa hiyo nyuzi nyingi zaidi zinaweza kushindiliwa kwenye nafasi ile ile. Matokeo ni kitambaa chepesi ambacho upepo unashindwa kukipenya, matone ya mvua yanateleza juu yake, lakini mvuke wa jasho bado unapata upenyo wa kutokea. Akakiita gabadini. Alikibuni 1879, akapata hataza 1888.

Upepo ndio adui mkubwa kuliko mvua huko juu. Ile hewa iliyotulia ndani ya sufu hufagiliwa mara moja upepo ukipita. Sweta mbili bila gabadini ni sawa na chupa ya chai isiyo na kifuniko. Sweta mbili chini ya gabadini ni kitu kingine. Waliosafiri kuelekea ncha ya kusini ya dunia walilijua hilo: Roald Amundsen, Robert Scott na Ernest Shackleton wote walitumia gabadini ya Burberry, na ile suti ya juu ya Norton ilishonwa kwa aina iliyopewa jina la Shackleton.

Wazo hilo halikufa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, watafiti wa Manchester walitengeneza kitambaa cha pamba kiitwacho Ventile kwa ajili ya marubani walioanguka katika bahari za baridi. Nyuzi zake hufura zikiguswa na maji na kuziba matundu zenyewe. Bado kinashonwa hadi leo.

Kisha kuna mkato, ambao hauonekani kwenye picha. Vaa koti la suti la kiwandani na uinue mikono yote miwili kama unayening'inia kwenye tawi. Koti zima litapanda na wewe, tumbo litabaki wazi. Mafundi wa wakati ule walikata kwapa na bega kwa namna iliyouruhusu mkono kuinuka peke yake, na Burberry walikuwa na mkono wao maalumu wa koti kwa wawindaji na wavuvi. Koti la Mallory lilikatwa hivyo. Fundi cherehani anayempima mteja wake, akamwambia inua, shusha, chutama, anajua jambo ambalo saizi za S, M na L haziwezi kulijua.

Twidi ya ardhi

Kuhusu twidi yenyewe kuna mkanganyiko mwingine unaofaa kufumuliwa. Watu wengi huichanganya na tartani, ile miraba ya rangi kali ya sketi za wanaume wa Scotland. Tartani ilikuja kuhusishwa na ukoo. Twidi za mashamba ya uwindaji zilihusu ardhi.

Katika karne ya 19 matajiri walikodi na kununua mashamba makubwa ya milimani huko Scotland kwa ajili ya kuwinda paa. Watumishi wao wa uwindaji, wakazi wa huko, walihitaji nguo itakayowaficha machoni pa mnyama, na kila mlima una rangi yake. Shamba lenye magugu ya zambarau lilifumiwa twidi yenye chembe za zambarau. Penye mawe ya kijivu ikawa ya kijivu. Mwaka 1853 Prince Albert, mume wa Malkia Victoria, alibuni twidi ya Balmoral: ukiitazama kwa mbali ni kijivu, ukiikaribia unaona nyeusi, nyeupe na vijidoa vyekundu, kama jiwe la matale la nchi ile. Hizo zilikuwa kombati za kuotea miongo mingi kabla majeshi hayajaacha kuvaa nyekundu vitani, na zilifumwa kwa uzuri ambao kombati za leo hazina.

Jina lenyewe inasimuliwa kwamba lilitokana na kusoma vibaya. Neno la Kiskoti la twili lilikuwa "tweel", na mfanyabiashara wa London akalisoma kama Tweed, mto unaopita mpakani mwa Scotland na Uingereza. Twidi maarufu kuliko zote, Harris Tweed, inalindwa na sheria ya Bunge la Uingereza ya 1993: lazima sufu itiwe rangi na kusokotwa katika visiwa vya Outer Hebrides, na kitambaa kifumwe kwa mkono nyumbani kwa mfumaji, huko huko visiwani. Kiwanda kinaruhusiwa kuosha na kumalizia, lakini kufuma lazima kufanyike kwenye nyumba ya mtu.

Sketi iliyofichwa nyuma ya jiwe

Nimesema unadhifu na matumizi havikwenda sambamba siku zote. Kwa wanawake viligongana. Lucy Walker, mwanamke wa kwanza kufika kilele cha Matterhorn, mlima wa safu ya Alps huko Ulaya, mwaka 1871, alipanda akiwa na gauni. Sketi ndefu inaangusha mawe juu ya walio chini, inalowa, inamzuia mvaaji kuona miguu yake iko wapi. Hakuna utaalamu wa kitambaa unaoweza kulitetea hilo. Ilikuwa sheria ya jamii, na mwanamke aliilipa kwa hatari ya maisha yake.

Elizabeth Le Blond, aliyekuwa rais wa kwanza wa klabu ya wanawake ya wapanda milima iliyoanzishwa London mwaka 1907, alipata njia yake. Alitoka kijijini na sketi, na chini yake amevaa suruali. Akishapotea machoni pa watu aliivua sketi, akapanda, akaivaa tena wakati wa kurudi. Safari moja aliisahau huko juu, ikabidi apande tena kuifuata, maana kuingia kijijini bila sketi kungekuwa kashfa. Mmarekani Annie Smith Peck alikataa mchezo huo. Mwaka 1895 alipanda Matterhorn akiwa na suruali waziwazi, na magazeti yakajadili suruali yake kuliko mlima.

Ninalisema hili kwa mkazo kwa sababu mapenzi ya nguo za kale hutufanya tusahau nani aliruhusiwa kuvaa nini. Koti la Norfolk lilikuwa zuri na likafanya kazi. Sketi ya Le Blond ilikuwa nzuri na ikawa pingu.

Zilifaa mchana tu

Mwaka 2006 mpanda milima Graham Hoyland alizivaa nguo zilizoshonwa upya za Mallory na kwenda nazo Everest, upande wa kaskazini, kama mita 6,400. Alizikuta nyepesi, za joto, na rahisi kutembea nazo. Lakini jibu kamili lina pande mbili. Kwa mtu anayetembea, siku ya hali nzuri ya hewa, zilitosha. Kwa mtu aliyekwama usiku juu ya mita 8,000, akiwa ameumia au amechoka na hawezi kuendelea, hazingemtunza hadi asubuhi.

Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati yao na sisi, nayo ni ya kimsingi. Nguo zile zilimtegemea mvaaji awe tanuri. Alipokuwa akipanda mwili ulitoa joto jingi, na nguo nyepesi inayopumua ilikuwa bora kuliko nzito. Akisimama, tanuri likazimika, hakubaki na akiba. Nguo za leo zilizojazwa manyoya laini ya bata zimebeba akiba hiyo. Misumari ya buti nayo ilikuwa na gharama: ilishika barafu vizuri, lakini chuma hupitisha joto, na kila msumari ulikuwa mfereji wa kulimwaga joto la mguu kwenye theluji.

Uchungu wa kisa hiki ni kwamba dawa ilikuwa imeshapatikana. Katika msafara wa 1922, George Finch, mkemia mzaliwa wa Australia, alikuja na koti alilolibuni mwenyewe: kitambaa cha puto, kimejazwa manyoya laini ya bata wa baharini. Wenzake walilicheka. Baridi ilipokaza, wakalitamani. Pamoja na Geoffrey Bruce, Finch alipanda hadi mita zipatazo 8,320, juu kuliko mtu yeyote kabla yao. Lakini alikuwa amesomea Zürich, si Oxford wala Cambridge, aligombana na kamati juu ya mihadhara na pesa, na mwaka 1924 hakuchukuliwa. Koti lake pia halikwenda. Kama Mallory na Irvine wangekuwa nalo, sijui kama wangeokoka. Mallory alikutwa amevunjika mguu na kamba imemzunguka kiunoni, ishara ya kuanguka. Ila ninapofikiria ni nani aliyekuwa na jibu na kwa nini aliachwa nyumbani, naona kwamba kilichowapungukia hakikuwa kitambaa.

Na watu wengine kwenye picha zile? Tarehe 7 Juni 1922 maporomoko ya theluji yaliwaua wapagazi saba wa msafara. Bila wapagazi, hakuna hema wala chakula ambacho kingefika juu, lakini tunapoandika kuhusu mavazi ya Everest tunaandika orodha ya Norton, kwa sababu Norton ndiye aliyepewa nafasi ya kuiandika.

Jambo hilo lipo hadi leo karibu na kwetu. Kwenye Kilimanjaro mtalii hulala na begi la manyoya, na mpagazi, mgumu kama wanavyojiita, huenda amepanda na koti la mitumba na raba zilizokwisha soli. Shirika la kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, KPAP, lililoanza 2003, huwaazima wapagazi nguo za baridi bure, na kuwapo kwa huduma hiyo kunaonyesha ukubwa wa haja. Nikitembea kwenye soko la mitumba la Memorial, Moshi, mara nyingine naona wauzaji wakitundika koti la twidi la mzee fulani wa Ulaya kwenye kamba moja na jaketi za plastiki zinazong'aa. Wanunuzi huzigombania jaketi. Ningekuwa mimi ndiye ninayepeleka mzigo kwenye kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600, ningelichukua lile koti, nikavaa jaketi juu yake.

Afrika Mashariki ina uzi mwingine unaoifunga na kisa hiki. Januari 1929, ofisa wa serikali ya kikoloni nchini Kenya, Percy Wyn-Harris, na mkulima kijana Eric Shipton walipanda vilele pacha vya Mlima Kenya, Batian na Nelion. Nelion ilikuwa haijawahi kukanyagwa na mpanda milima yeyote anayejulikana. Miaka minne baadaye wote wawili walikuwa Everest. Ni Wyn-Harris aliyeliona, Mei 1933, shoka la barafu limelala juu ya mwamba kwenye mita zipatazo 8,460. Lilikuwa la 1924, na wengi huamini lilikuwa la Irvine.

Irvine mwenyewe alikuwa na miaka 22, mwanafunzi wa Oxford, fundi wa mitungi ya oksijeni ya msafara. Septemba 2024, timu iliyoongozwa na Jimmy Chin, mpanda milima na mpiga filamu, ilikuwa ikipita kwenye barafu ya Rongbuk ya Kati, chini ya ubavu wa kaskazini, ilipoona buti la ngozi lenye misumari limechomoza kwenye barafu inayoyeyuka. Ndani kulikuwa na mguu, na mguu ulikuwa bado na soksi ya sufu. Soksi ilikuwa na kipande kidogo cha kitambaa kilichoshonewa, kama vile kila mtoto wa bweni anavyoshonewa jina kwenye shuka na sweta lake ili lisipotelee kwenye kufua. Kiliandikwa A. C. IRVINE, na herufi zilisomeka zote.